Kaskazi na joto lake: mtoe mbwa matembezi, lakini jua saa na jua njia

Kaskazi imeshaingia, ndugu msomaji. Ukitoka nje saa saba mchana huku kwetu, uwe Mombasa, Kilifi au Kwale, jasho linakutiririka kabla hujafika duka la kona. Wageni wa bara wamejaa, nyumba za kukodi zimepanda bei, shule zimefungwa na kila jioni ufuo umefurika watu. Ni msimu wa kutoka. Leo nataka tuzungumze habari za mmoja ambaye wengi wetu hatumhesabu tunapopanga matembezi, naye ni mbwa.

Najua wako walioshaanza kuguna. Mbwa tena? Subirini kidogo.

Mbwa wako kwetu, tupende tusipende. Mimi nina kishamba changu upande wa Kikambala na nimefuga mmoja wa kulinda, kwa sababu kima na wezi wa nazi hawamuogopi mtu aliyelala. Jirani zangu wengi ni hivyo hivyo. Lakini kilichonifanya niandike ni mpwa wangu. Kijana amemaliza shule, amehangaika mwaka mzima, kisha akapata kazi kwenye nyumba moja ya Nyali. Kazi yenyewe ni kufagia uwanja, kumwagilia maua, na kuwatembeza mbwa wawili asubuhi na jioni. Wiki ya pili akanijia. "Mjomba," akasema, "nina maswali mawili. Swala zangu zinakuwaje? Na la pili, jana yule mbwa mkubwa alilala barabarani akakataa kunyanyuka, ulimi nje, macho yamemtoka. Nikadhani anakufa mkononi mwangu."

Swali la kwanza ni la dini, la pili ni la kazi, na yote mawili ni ya rizki. Vijana wetu wengi wako katika hali kama yake. Ni askari wa mlangoni, watunza bustani na wapishi katika majumba ya Nyali, Shanzu, Vipingo, Watamu na Diani. Tajiri anakwenda zake mjini anakuachia mbwa, na mbwa akifa, kazi nayo imekufa.

Nianze na dini, na niseme wazi kwamba mimi si sheikh. Haya nayasema kama yanavyofundishwa kwenye darsa zetu, na mwenye shaka amuendee ustadhi wake. Sisi wa pwani wengi ni Mashafi. Kwa madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito, na mate yake au unyevu wa mwili wake ukikugusa, pale palipoguswa paoshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kwamba sabuni haishiki nafasi ya udongo. Wamaliki wao wanamuona mbwa aliye hai kuwa tohara, na Mahanafi wanasema tatizo liko kwenye mate, si kwenye manyoya. Kwa hivyo hata maulamaa hawakusema neno moja.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba mkavu kwa mkavu hakuna najisi inayohama. Mbwa mkavu akipita akakugusa suruali kavu, hujapata najisi. Wala kumgusa mbwa hakutengui udhu. Unaosha pale palipoingia unyevu, basi, udhu wako uko pale pale. Mpwa wangu alikuwa akioga janaba kila adhuhuri kwa sababu ya mbwa, maskini, mpaka tajiri akamuuliza mbona maji yanakwisha.

Na kuhusu kufuga, hadithi sahihi zinamtoa mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba katika katazo. Anayefuga pasi na haja ndiye anayepungukiwa na thawabu kila siku. Qur'ani yenyewe, katika Suratul Maida, imehalalisha kilichokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda, na katika Suratul Kahf mbwa wa wale vijana wa pangoni ametajwa pamoja nao. Sote tumesikia pia kisa cha yule aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Kisa hicho kiko katika Bukhari na Muslim. Kwa hivyo mtoto wa Kiislamu anayempiga mbwa mawe njiani hana pa kusimama katika dini yake.

Nilimwambia kijana afanye hivi. Awe na ovaroli ya kazi, na kanzu au nguo ya swala iliyotundikwa mbali, kwenye kibanda cha mlinzi. Awe na kopo la udongo safi karibu na mfereji. Awatembeze mbwa wakiwa wakavu, na siku ya kuwaogesha avae glavu na buti za mpira. Glavu amuombe tajiri, ni haki yake. Wengi wa matajiri hawa hukubali ukiwaeleza kwa adabu. Wasichokipenda ni mtu kukwepa kazi bila ya kusema kwa nini.

Sasa tuje kwenye joto, maana hapo ndipo wanyama wanapokufa.

Mbwa hatoki jasho kama sisi. Vinyweleo vya jasho anavyo kidogo tu chini ya nyayo. Njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema, yaani hewa inapita juu ya ulimi na koo lililolowa, maji yanageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Sasa fikiria hewa ya Mombasa mwezi wa Februari au Machi. Imejaa unyevu, nguo uliyoianika inachelewa kukauka. Ndivyo na ulimi wa mbwa unavyochelewa kukauka. Anahema na kuhema lakini joto haliondoki. Ndiyo maana nyuzi 32 za huku zinamuumiza mbwa kuliko nyuzi hizo hizo mahali pakavu. Joto la mwili wake likiwa salama ni baina ya nyuzi 38 na 39 na kitu. Likipita 40 akiwa amelegea, hiyo ni dharura.

Wanaoteseka zaidi ni wale wenye pua zilizobonyea, wanene, wazee, na wale wa manyoya mazito walioletwa kutoka nchi za baridi. Nimeona kwa macho yangu mbwa wa barafu, wale wa kuvuta magari ya theluji, amefungwa mnyororo juu ya kabro saa nane mchana. Sijui aliyemleta pwani alifikiri nini. Mbwa wetu hawa wa kienyeji, wembamba, masikio wima, manyoya mafupi, wamezoea zaidi, lakini nao si chuma.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni saa. Ukishaswali Alfajiri, toka. Mpaka saa moja na nusu, au sana sana saa mbili, uwe umerudi. Jioni usitoke mara tu baada ya Alasiri, kwa sababu lami na kabro hukaa na moto muda mrefu hata jua likiwa limelegea. Ngoja saa kumi na moja na nusu. Kuna kipimo rahisi. Weka kiganja cha mkono chini, upande wa nyuma, uhesabu pole pole mpaka saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa nazo zitaungua. Mchanga mkavu wa juu ya ufuo ni hivyo hivyo, unaweza kumtoa malengelenge. Mpitishe kwenye mchanga uliolowa.

Maji beba yako. Mbwa wa kilo 20 hunywa kama lita moja kwa siku ya kawaida, na siku ya joto na mbio anataka zaidi. Chupa moja na kibakuli cha plastiki vinatosha kwa matembezi ya nusu saa. Chakula asipewe kabla ya kukimbia. Mpe akisharudi na kutulia.

Na gari! Kila mwaka mtu anamuacha mbwa ndani ya gari kwenye maegesho ya supamaketi "dakika tano tu". Nje kukiwa na nyuzi 24 peke yake, ndani ya gari lililofungwa hufika kama 34 kwa dakika kumi na hupita 40 kwa nusu saa. Huku kwetu mwanzo wenyewe ni 32. Kufungua dirisha kidole kimoja hakusaidii kitu. Ukiwa dereva wa mtu, akakwambia mngoje hapo na mbwa, simama naye kivulini nje ya gari.

Yule mbwa wa mpwa wangu alikuwa ameanza kupigwa na joto. Dalili zake ni kuhema kwa kasi isiyotulia, mate mazito yanayovutika, ufizi mwekundu sana, kuyumba kama mlevi, kutapika, na mwisho kuanguka. Ukiona hivyo usimvute kwa kamba eti mfike nyumbani. Mpeleke kivulini pale pale. Mmwagie maji ya kawaida ya mfereji kwa wingi, hasa tumboni, kwapani na ndani ya mapaja, kisha mpepee kwa chochote ulicho nacho, hata gazeti. Taulo lililolowa usimfunike likabaki juu yake, kwani linageuka blanketi. Akitaka kunywa mpe kidogo kidogo, asipotaka usimlazimishe. Akishapoa kidogo, daktari wa mifugo, hata kama amesimama na anatikisa mkia, kwa sababu joto hudhuru figo na viungo vya ndani na madhara yake huonekana baadaye. Kijana wangu alifanya nusu ya hayo kwa akili yake tu, akachota maji kwenye bomba la bustani ya jirani. Mbwa aliinuka.

Tuseme sasa raha yenyewe, maana mbwa anapenda kutoka kama mtoto.

Bahari ndiyo ya kwanza, na hapa sisi tuna elimu ambayo wageni hawana. Wazee wetu wanajua bamvua na maji mafu. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari ya Mombasa hujaa karibu na saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne au tano. Maana yake jioni ile unayotaka kutembea, ufuo umemezwa, umebakia ukanda mwembamba na watu wote wamebanana hapo. Siku za maji mafu mambo hugeuka, jioni maji yako chini na mchanga uko wazi, mgumu na umelowa, mzuri kwa mbio. Kila siku saa husogea mbele kwa kiasi cha dakika hamsini. Ukitaka matembezi ya jioni yenye nafasi, tazama mwezi kwanza. Anayeshindwa amuulize mvuvi yeyote, atamwambia bila hata ya kufikiri.

Kuogelea mbwa wengi hujua, ingawa si wote hupenda. Usimtupe majini. Ingia wewe kwanza mpaka magotini, mwite, mrushie kumbi la nazi karibu. Kumbi kavu linaelea, linamjaa mdomoni, na halina gharama. Yule wa shambani kwangu nimemrushia kumbi moja mwezi mzima na hajalichoka. Kaa naye ndani ya mwamba ambako maji ni matulivu, na mbali na milango ambako mkondo huvuta kwenda nje maji yanapotoka. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, lakini mbwa aliyechoka akavutwa na mkondo anaweza kuuona ufuko na asiufikie.

Mnyweshe maji baridi kabla ya kuingia ili asinywe ya chumvi. Akinywa ya bahari kidogo ataharisha, akinywa mengi ni sumu. Mkirudi mmwagie maji ya mfereji, maana chumvi na mchanga humkwaruza ngozi na kumletea upele. Angalia baina ya vidole vya miguu kama kuna mwiba wa wale wadudu weusi wa mwambani, na umzuie kunusa yavuyavu waliotupwa ufuoni. Yavuyavu aliyekufa bado huwasha.

Lakini kuliko yote, chunga bunju. Wavuvi wakimpata nyavuni humtupa pale pale mchangani, kwa sababu wanajua. Sumu yake iko kwenye ini, mayai na ngozi, haiondoki kwa kupikwa, na haina dawa ya kuizimua. Humlegeza kiumbe misuli mpaka pumzi inakatika. Mbwa hajui bunju na changu, kwake wote ni samaki. Kwenye bandari za wavuvi mfunge kamba fupi, na macho yako yawe chini mbele yake. Ningependa pia wavuvi wetu wawe wanafukia bunju mbali na ufuo, kwani paka na watoto wadogo nao hupita hapo.

Wapi pa kwenda? Ufuo wa Nyali asubuhi na mapema ni mzuri, na wenye mbwa wengi hukutana hapo. Kikambala na Vipingo kuna nafasi zaidi. Diani ni pana na nyeupe, lakini ukiwa upande wa barabara na miti shika kamba sawasawa, kwa sababu mbega wa Diani huteremka chini na mbwa ni miongoni mwa maadui zao. Yale madaraja ya kamba juu ya barabara yaliwekwa ili wanyama hao wasigongwe na magari, sasa si vizuri wanusurike na gari wakaraliwe na mbwa wako. Watamu na fuo nyingine ambako kasa hutaga, usimuache achimbe mchanga wa juu. Mayai hukaa humo kama miezi miwili, na mbwa mmoja anaweza kumaliza kiota kizima kwa dakika chache.

Pirates siku za Idd, Krismasi na Jumapili, achana napo kabisa. Watoto ni wengi, farasi wapo, ngamia wapo, mbwa atachanganyikiwa na mtoto ataumwa. Mama Ngina jioni ni hivyo hivyo, na chini kumejaa vipande vya mihogo na pilipili. Haller Park kuna twiga na viboko, si mahali pake. Mbuga na hifadhi za KWS usimpeleke. Kaya za Wamijikenda zina wazee na zina miko, usiingie na mbwa kana kwamba ni kichaka tu. Nairobi wenzetu wana msitu wa Karura ambako mbwa wanaruhusiwa wakiwa kwenye kamba. Sisi pwani bado hatuna mahali pa namna hiyo palipotengwa, na mimi naona kaunti zetu zingefikiria, kwa faida ya wenye mbwa na wasiowataka pia. Lamu, mji wa punda na paka, mtu asijisumbue kumpeleka mbwa vichochoroni, atapishana na watu kifua kwa kifua.

Kuvuka Likoni na mbwa kwa miguu saa za watu wengi ni kutafuta ugomvi. Vuka alfajiri, au ndani ya gari.

Si lazima pia kwenda mbali. Mchana wa kaskazi mbwa akae kivulini, mwembe au mkorosho una kivuli kizuri kuliko banda la mabati. Chini ya mnazi usimfunge, unajua sababu. Tia maji kwenye karai kubwa, wengine hupenda kuingia wakalala humo. Mchezo nilioupenda zaidi ni wa pua. Chukua makumbi matano, ficha ndani ya moja kipande cha dagaa waliochemshwa bila chumvi, mwache atafute. Dakika kumi na tano za kunusa humchosha kama mbio za nusu saa, na hana jua. Kwa kijana wa kazi hii ni dawa, kwani mbwa aliyechoka kwa mchezo habweki usiku kucha wala hachimbi maua ya tajiri. Asipewe kokwa la embe kuchezea, likipita likakwama tumboni ni upasuaji. Mabaki ya pilau na mchuzi pia hapana, vitunguu vinadhuru damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ikawa kama sindano.

Sasa majirani. Hapa sisi wenye mbwa tunakosea sana, na lawama nyingine tunazopata ni haki.

Mbwa akitoka majini hujikung'uta, na kila tone linaruka. Pale ufuoni pana familia imetandika mkeka, mama ana buibui, baba anangojea Magharibi. Umeshawaharibia jioni yao, na kwa madhehebu yetu umewapa kazi ya kuosha mara saba. Mtoe upande usio na watu na umshike mpaka ajikung'ute, ndipo msogee. Kamba iwe mkononi wakati wote ambapo kuna watu. Usiniambie "haumi huyo". Mimi namjua wako wapi? Mtoto wa pwani amekuzwa na hofu ya mbwa, akimuona anakimbia, na mbwa akiona kinachokimbia anafukuza. Usipite mbele ya baraza la wazee wala njia ya msikitini watu wanapokwenda kuswali. Zunguka.

Na choo chake kiokote. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hivyo beba gazeti au mfuko wa karatasi. Usikifukie mchangani ukadhani umemaliza. Choo cha mbwa mwenye minyoo ya safura huacha mabuu mchangani, na mabuu hayo hupenya ngozi ya mtu anayetembea peku. Ile michirizi myekundu inayojikunja kwenye mguu wa mtoto na kumuwasha usiku, mara nyingi imetoka huko. Dawa ya minyoo apewe mbwa kila miezi mitatu. Kupe nao mtafute masikioni na baina ya vidole kila mkirudi kutoka majanini.

Mwisho ni kichaa cha mbwa, na hili halina mzaha. Karibu kesi zote za binadamu duniani hutokana na mbwa, na wanaokufa wengi ni watoto. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna hospitali itakayomrudisha. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kuumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030, na njia yenyewe inajulikana: mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Chanjo huanza mbwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ofisi za mifugo za kaunti huichanja, na mara nyingi huwa na kampeni karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kamili. Usitie mafuta ya taa, usitie pilipili wala kahawa. Siku hiyo hiyo aende hospitali akaanze sindano, na azimalize zote, si mbili kisha akaacha kwa sababu kidonda kimepona. Mbwa mwenyewe msimuue mkamtupa. Afungiwe atazamwe siku kumi na ofisi ya mifugo iarifiwe, maana akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na kirusi mateni alipouma.

Mpwa wangu nilimuuliza kama amewahi kuiona kadi ya chanjo ya wale mbwa wawili. Hakuwahi. Jumatatu iliyofuata alimuomba tajiri wake, ikatafutwa kwenye droo, na mmoja wao ilikuwa imempita miezi saba. Daktari alikuja Alhamisi.